Mita Sitini za Lupombwe

1

Mwizi wangu nilimkamata Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nikiwa futi mia nne juu ya shamba la chai ambalo nililipanda mwenyewe, mche kwa mche, kwa kipanya cha kompyuta.

Ngoja nieleze vizuri, maana najua kuna watu wakisikia mwanamke wa miaka hamsini na mbili anarusha ndege chumbani kwake, wanaanza kucheka kabla hajamaliza kusema. Wacheke. Chumba changu kiko Tukuyu, nyuma ya duka la dada yangu. Kina skrini tatu, usukani, pedali za miguu, na kiti nilichong'oa kwenye basi bovu. Kila Jumamosi navaa shati jeupe lenye mistari mabegani, nakaa, na kwa saa mbili hakuna mtu wa kuniambia kitu. Kundi letu linaitwa Marubani wa Sebuleni. Tuko thelathini na wanane, kuanzia Mpanda mpaka Songea, na hatuna habari na madege makubwa ya kuvuka bahari. Hayo ni ya watu wanaopenda kusinzia angani. Sisi tunarusha ndege za mikoani, pangaboi mbili, abiria hamsini, zile zinazotua kwenye viwanja ambako mtu hutangulia kufukuza mbuzi.

Siku hiyo tulikuwa tunaijaribu nyongeza mpya. Shirika la Mbayuwayu, lile lenye ndege zisizo na rubani zinazozunguka Nyanda za Juu siku hizi, lilikuwa limewatolea watu wa vyumbani nakala ya ndege yake, bure, pamoja na mandhari ya viwanja vyote inakotua. Na sitasema uongo, ndege ilikuwa tamu. Pangaboi la kulia lilipoanza kuzunguka, usukani ulinitetemeka mkononi. Kioo cha mbele kilikuwa na madoadoa ya wadudu waliogongwa angani. Karibu na mlango wa mizigo rangi ilikuwa imebabuka, na nilipoegemea dirisha niliona mpaka mkwaruzo wa ngazi. Kaka Ndelwa, ambaye huwa rubani msaidizi wangu, alikuwa kwake Makambako, sauti yake ikinijia masikioni. Ndelwa alikuwa fundi wa ndege miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alizipitia swichi za juu moja baada ya nyingine, akizitaja kwa majina, kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu afiwe na mkewe.

Tukashuka kuelekea Lupombwe. Huko ndiko nilikozaliwa. Zamani nilikuwa mchora ramani wa ofisi ya ardhi, hadi mashine zilipokuja zikatuambia twende nyumbani, na hasira ile niliimalizia kwenye mandhari ya Lupombwe. Miaka mitatu. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikapima njia ya kutulia ndege kwa futi ya kamba, nikahesabu mikaratusi, nikapiga picha kila bati la kila nyumba. Kisha nikaijenga yote upya ndani ya kompyuta, nikawapa wapenda ndege warushie ndege zao humo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuipima Lupombwe namna hiyo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haja nayo.

Ndelwa akawa anasoma mwinuko. Mia tano. Mia nne. Nikaiona njia, nikauona mwanzo wake, nikaupima urefu wake kwenye skrini. Njia ilikuwa na mita elfu moja mia moja na sitini.

Njia ya Lupombwe ina mita elfu moja na mia moja, basi. Zile sitini za mwanzo niliziongeza mimi. Mahali zilipo, katika Lupombwe ya kweli, pana korongo.

Nilitua, nikazima injini, nikamwambia Ndelwa kwamba Mbayuwayu ni wezi na kwamba nimewashika pabaya.

2

Kundi letu lina desturi moja ambayo wageni huwa hawaambiwi. Kila anayejenga mandhari huweka uongo mmoja ndani yake. Tunauita doa. Doa lazima liwe dogo, lisimharibie rubani raha yake, na lisiwe kitu cha kupendeza, maana mwizi huvikagua vitu vya kupendeza. Mmoja anasogeza mnara wa simu, mwingine anapinda mto. Mtu akikuibia kazi akasema ni yake, unamuuliza: huo mto umepindia wapi? Hapo anaumbuka.

Doa lako humwambii yeyote, isipokuwa mtu mmoja, mtunza madoa, naye anakula kiapo kwamba hatalitoa bila ruhusa yako. Kwa miaka sita mtunza madoa nimekuwa mimi. Ninalo daftari jekundu, mistari thelathini na minane, kila mstari na jina la mtu, kiwanja chake na uongo wake. Watu ambao hawajawahi kuniona uso kwa uso wamenipa siri hiyo, na hata dada yangu hajui daftari linakaa wapi.

Wakati tunaianza desturi hii, ndege za kweli zilikuwa na watu mbele, wenye macho. Hakuna aliyedhani kwamba mchezo wetu utafika huko.

Nilipiga simu Mbayuwayu siku ileile. Nikazungushwa, nikawekewa muziki, mwisho nikapewa Bwana Erasto Mlowe, mkuu wa kumbukumbu za safari. Sauti ya mtu aliyeshiba. Aliniita mama kila baada ya maneno matatu, kwa namna ile ya kumtuliza mtu unayetaka aondoke mlangoni. Alisema picha zao zote zimepimwa na setilaiti pamoja na wataalamu wao wenyewe, kwamba shirika halina haja na michoro ya watu wa michezo, na kwamba kama nina kitu changu ndani ya kazi yao nikitaje pale pale, waangalie.

Hapo nikamjua kuwa ni mjanja. Nikikitaja, jioni kimeshafutwa, na kesho yake mimi ni mwanamke mwenye wivu anayepiga watu simu. Nikamwambia tutaonana kwenye Baraza la Hakimiliki, nikapeleka malalamiko kwa njia ya mtandao, nikapangiwa Jumanne saa tatu asubuhi.

Sikutaka fidia yao. Nilitaka jina langu. Nilitaka mtu mzima mmoja mwenye tai asimame mbele ya watu aseme: Lupombwe ni kazi ya Subilaga Mwalwisi, tuliichukua bila kumuuliza. Tangu ofisi ya ardhi initoe mlangoni na sanduku la karatasi, nilikuwa sijataka kitu kwa nguvu kiasi hicho.

3

Jumapili baada ya kanisa Ndelwa alinipigia, na salamu alizikata nusu. Alikuwa amesoma kijitabu cha maelezo cha ile nyongeza, ambacho mimi, kwa kiherehere cha kurusha, sikukifungua. Ukurasa wa kwanza Mbayuwayu walikuwa wanajisifu: kumbukumbu iliyomo humu ndiyo ileile inayoongoza ndege yetu ya kweli.

Nikamwambia hayo ni maneno ya kibiashara. Akasema hapana, na akanieleza kwa upole wa fundi, jambo lililoniudhi zaidi. Ndege zile zina kamera, yaani macho. Mbingu ikiwa safi, macho yanaiona njia yenyewe, na ndege inatua pale inapopaona. Macho yakizibwa na ukungu, ndege haigeuki. Inajua iko wapi juu ya nchi kwa kipimo cha setilaiti, halafu inaifuata kumbukumbu, ramani iliyohifadhiwa ndani yake, kuhusu kilichoko chini. Kumbukumbu ikisema lami inaanzia hapa, magurudumu yanashuka hapa. Na kwenye kiwanja kifupi, inalenga mwanzo kabisa wa lami ili ipate nafasi ya kusimama. Safari za Lupombwe zilikuwa na miezi miwili tu tangu zianze, miezi ambayo ukungu haukai. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, na sote tunajua mwezi wa sita huku kwetu unavyokuwa. Mchana kutwa huuoni mgomba ulio uani kwako.

"Sikuulizi doa lako ni nini," alisema. "Nakuuliza moja tu. Ni kitu ambacho gurudumu linaweza kukigusa?"

Nilikuwa nalitazama daftari, mstari wangu mwenyewe.

"Basi piga simu leo, Subi. Safari ipo kesho asubuhi."

Nilimwambia nitasema Jumanne, barazani, mbele ya mashahidi. Siku mbili tu. Nikamwambia kukiwa na ukungu kesho safari itaahirishwa, hawawezi kuwa wendawazimu. Akasema mashine haiogopi, na asiyeogopa haahirishi. Nikamwambia anawatetea wezi. Akasema abiria hamsini hawajaniibia kitu. Tulirushiana maneno karibu nusu saa, mimi nikimwita kibaraka, yeye akiniita mwenye roho ya kutu. Nilimwuliza kwa nini asiwaandikie mamlaka ya usafiri wa anga mwenyewe. Akasema amewaandikia, amejibiwa kwamba malalamiko kuhusu kumbukumbu hupelekwa kwanza kwa shirika lenyewe, nalo lina siku kumi na nne za kujibu, tena kwa maandishi yanayotaja kosa lilipo. Yeye hakujua kosa lilipo. Nilijua mimi.

Kisha nikamgusa pale nilipojua panauma. "Na lako je? Ilembo?"

Ilembo ni kiwanja alichokijenga yeye. Mstari wa ishirini na moja kwenye daftari langu: kilima cha kaskazini kimepunguzwa mita kumi na mbili. Akasema Ilembo hakuna safari bado, zinaanza mwezi ujao, na kabla ya hapo atatafuta njia ya kulirekebisha taratibu, bila kelele. Lina muda, alisema. Nikacheka kicheko kibaya. Kumbe mtakatifu naye anajua kusubiri wakati wake. Akakata simu.

Jioni nilivizungukia viwanja vya wenzangu, vile vilivyomo kwenye nyongeza, kimoja baada ya kingine, daftari likiwa wazi mapajani. Nilitua kwenye viwanja kumi na viwili mpaka vidole vikafa ganzi. Mnara wa Zuhura wa kule Mpanda ulikuwa upande wa kushoto wa njia badala ya kulia. Bonde la Gervas lilikuwa limejazwa. Yote yalikuwamo. Walikuwa wametuchota sote, na uongo wetu, bila hata kuupangusa.

Nilipokuwa nazima mitambo ikaingia picha kutoka kwa Ndelwa. Ilikuwa tiketi. Lupombwe, Jumatatu, kuondoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, kiti namba 12C. Chini yake alikuwa ameandika: Mimi mtu mzima, nina haki ya kusafiri.

Nilimpigia mara tisa, hakupokea. Nilimtukana peke yangu mle chumbani, matusi ambayo sikujua kama bado ninayo.

4

Asubuhi nilifungua dirisha nikakuta hakuna kitu nje. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kizingitini.

Katika kompyuta zetu kuna uwezo wa kuzileta ndege za kweli. Unawasha, na kila ndege iliyoko angani muda ule inatokea kama alama ya njano yenye jina lake, inapita juu ya mandhari yako. Huwa tunaziwasha kwa raha tu, tupishane nazo. Nilijiweka Lupombwe, mwanzoni mwa njia, juu ya zile mita zangu sitini, mbingu ya bluu niliyoichora mwenyewe ikiwa juu yangu, nikaisubiri alama. Saa mbili na dakika kumi na tatu ikatokea. Haikuahirishwa. Ilikuwa na dakika ishirini na nane za safari.

Mlowe hakupatikana mpaka saa mbili na dakika ishirini na mbili. Nilimweleza harakaharaka: mwanzo wa njia ya Lupombwe katika kumbukumbu yenu ni wa uongo, pale pana korongo, ndege yenu inashuka kwenye ukungu sasa hivi, igeuzeni. Nilisikia kiti chake kikilia. Nilisikia pia mlio mdogo wa simu kuanza kurekodi.

"Mama, ngoja nikuelewe. Unasema uongo huo uliuweka wewe?"

"Igeuze ndege kwanza."

"Siwezi kugeuza ndege yenye abiria arobaini na saba kwa simu ya mtu mwenye kesi na sisi. Kesho tuna baraza. Leo unaniambia kumbukumbu yetu ni mbovu. Mimi nitajibu nini nikiulizwa? Nahitaji mtu atakayesema nani amefanya nini."

Alikuwa anajua anachokifanya, na mimi nilijua kwamba anajua. Kuna sheria tangu ndege zisizo na rubani zianze: anayeweka taarifa ya uongo ikatumiwa na ndege anakwenda jela, na haiulizwi ilifikaje huko. Nikisema, wizi wao unakuwa kitu kidogo na uongo wangu unakuwa kitu kikubwa. Kwenye skrini ile alama ilikuwa imeanza kushuka. Futi elfu tisa. Namba zilikuwa zinapungua kwa utulivu uleule niliouzoea kila Jumamosi, na ndani ya namba zile alikuwamo yule mzee mkaidi, kiti 12C, bila shaka amefunga mkanda na kuangalia nje mahali pasipoonekana kitu.

"Ninaitwa Subilaga Mwalwisi," nikasema. "Mandhari ya Lupombwe niliijenga mimi. Niliongeza mita sitini mwanzoni mwa njia, kwa makusudi, ili niwakamate wezi. Sasa igeuze, shetani wewe."

Akafunika simu. Nilisikia akitoa amri kwa mtu mwingine, mara mbili. Futi elfu saba na mia mbili. Elfu saba na mia moja. Kisha namba zikasimama, zikaanza kupanda, na alama ikapinda polepole kuelekea ilikotoka. Nililia, na nililia kwa sauti, na Mlowe aliyasikia yote.

Alinipa muda. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kushiba iliyokuwa imerudi mahali pake, kwamba shirika linanishukuru, Lupombwe itarekebishwa leo hii, na mengine nitayasikia kwa wanasheria. Alikuwa anaelekea kuaga. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza kuhusu chenji:

"Ni hiyo tu?"

Nilitazama skrini. Kulikuwa na alama nyingine mbili za njano kwenye ukungu uleule. Moja ilikuwa inaelekea kwa Gervas, na bonde lake lililojazwa. Ningeweza kusema ndiyo, ni hiyo tu. Gervas ana watoto wanne, alinipa siri yake miaka mitano iliyopita, akacheka akasema Subi, wewe ni kaburi. Nilimwomba Mlowe aandike kwamba madoa yote ni yangu, niliyaweka mimi. Akasema kila mandhari imetolewa na jina la aliyeijenga, mama, hilo haliwezekani. Nikamwuliza kama atazisimamisha ndege nyingine bila mimi kusema kitu. Akasema hana sababu ya kuzisimamisha.

Nikalifungua daftari. Nilizisoma Lupombwe na nyingine zote, jina, kiwanja, uongo, mstari kwa mstari, ingawa si kwa mpangilio wa daftari, na sikuruka hata mmoja. Wakati mwingine alinisimamisha niirudie herufi ya jina la mtu. Ilichukua dakika kumi na moja. Ndege ya kwa Gervas iligeuka nilipokuwa kwenye jina la sita, na ile nyingine muda mfupi baadaye. Nilipomaliza nilifunga simu, nikaingia kwenye ukumbi wetu wa kundi, nikawaandikia nilichokifanya. Wa kwanza kujibu alikuwa Zuhura. Aliandika neno moja ambalo sitalirudia hapa, na wengine wakaanza kutoka kwenye kundi, mmoja mmoja.

Saa tano Ndelwa alinipigia kutoka uwanja wa ndege. Nyuma yake abiria walikuwa wanalalamikia mizigo. Alisema waliambiwa wamerudi kwa sababu ya hali ya hewa. Alisema alijua ni mimi, alisema nimefanya jambo la kiungwana na kwamba atanipeleka kwa mwanasheria anayemfahamu. Mzee aliogopa kule juu, aliogopa vibaya, na hakuona haya kuniambia.

Nikamwambia nimelisoma daftari lote.

Walalamikaji waliendelea nyuma yake.

"Na Ilembo?"

"Lupombwe ya kwanza. Ilembo ya pili, niliitanguliza."

"Ilembo haina ndege, Subi. Ilikuwa na mwezi mzima."

"Najua," nikamjibu, nikasubiri akate yeye.